Maandalio ya Bwana na Bibi Krapf

Neno kuandaa kila mmoja wetu alilijua kwanza jikoni kwa mama yake. Mwanamke huandaa chakula: hupakua wali, huweka kitoweo kando, hutandika mkeka, huleta maji ya kunawa, na mgeni akisha kuketi haoni upungufu wo wote. Baadaye twalisikia neno lilo hilo shuleni, tukaambiwa tuandae somo, na kanisani, tukaambiwa tuandae mioyo. Nami nimeona kwamba tukisoma habari za wamisionari wa kwanza wa pwani yetu, twafanya kama wageni wasio na adabu: twala, twausifu wali, wala hatuulizi ni nani aliyekesha jikoni. Kila mwalimu ajua kwamba Dr. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, ya kuwa ndiye aliyeanza kukitia Kitabu katika Kiswahili, na ya kuwa kamusi yake kubwa ilitoka mwaka wa 1882. Lakini mtu yule aliandaliwaje? Na mkewe Rosina, aliyezikwa ng'ambo ya kisiwa yapata miezi miwili tu baada ya kuhamia mji ule, yeye aliandaliwa na nani? Hayo ndiyo nitakayoyaeleza hapa, maana yatugusa sisi walimu tunaotumwa mbali na kwetu, na wake zetu pamoja nasi.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika nchi ya Württemberg iliyo kusini ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima, si maskini wa kuomba wala si tajiri. Maandalio yake ya kwanza hayakuwa shule, bali kipigo. Alipokuwa na umri wa miaka 11 jirani mmoja alimpiga vikali kwa kosa ambalo hakulitenda, naye akalala kitandani kwa ugonjwa muda wa miezi sita. Mtoto aliyelala miezi sita hana budi kupata jambo la kushika mikononi, naye alishika Biblia, akapenda hasa hadithi za Agano la Kale. Alipopona, wakati wa mavuno, aliwahadithia wavunaji shambani habari za Ibrahimu na Yusufu, hata mmoja wao akamwambia baba yake kwamba kijana huyu mwisho wake atakuwa padre. Mwenyewe Krapf aliyaandika hayo katika kitabu cha safari zake akiwa mtu mzima. Na mimi huamini habari ya namna hii upesi zaidi kuliko habari za ndoto na mianga, kwa kuwa nimewaona watoto wengi wakitengenezwa na ugonjwa mrefu.

Jambo la pili lilikuwa la bahati, au tuseme la maongozi. Dada yake alitumwa mjini Tübingen, akaingia nyumba ambayo siyo aliyotumwa. Ikawa ni nyumba ya mjane wa padre. Mjane yule akaulizia habari za nyumbani kwao, akaambiwa juu ya ndugu mwenye kupenda kusoma, akatoa shauri kwamba apelekwe shule ya mjini. Basi akaenda, akajifunza Kilatini na Kiyunani, kisha Kiebrania. Baba yake akamnunulia kitabu cha ramani za dunia. Kijana alipofungua ramani ya Afrika aliona kwamba upande wa mashariki, karibu na nchi ya Wasomali, majina yalikuwa machache sana, akashangaa, akajiuliza kama huko ni jangwa tupu lisilo na watu. Muuza vitabu mmoja akamwazima kitabu cha Bruce juu ya safari zake za Uhabeshi. Tangu siku ile jina la Uhabeshi halikumtoka moyoni. Sisi tunaofundisha jiografia kwa kuwaandikisha watoto orodha ya mito na miji, tusisahau kwamba huyu alivutwa na mahali palipokuwa hapana kitu juu ya karatasi.

Kisha mkuu wa shule yake aliwasomea wanafunzi insha juu ya kazi ya misheni katika nchi za mbali. Krapf akaona moyoni kwamba neno lile lamhusu yeye. Katika sikukuu za Pasaka za mwaka wa 1825 akaenda kwa miguu mpaka Basel, mji wa Uswisi, akajitoa awe mmisionari. Alikuwa na miaka 15. Wakubwa wa Basel hawakumkataa wala hawakumpokea. Walimwambia arudi akaendelee na masomo yake, na wakati wake ukifika atakuja. Mwaka wa 1827 akapokewa.

Yafaa niseme kidogo juu ya nyumba ile ya Basel, kwa kuwa watu wengi waliokuja pwani yetu walipita mlango wake. Ilianzishwa mwaka wa 1815 na Wakristo wa Ujerumani ya kusini na wa Uswisi, watu wa sala na wa kazi. Kijana aliyeingia alifundishwa Maandiko na lugha, lakini pia mikono yake haikuachwa ivivu, maana walijua kwamba mtu aendaye nchi isiyo na fundi hana budi kujua kushika randa na nyundo. Chama cha misheni cha Waingereza, yaani CMS, kilikuwa na fedha na njia za bahari, lakini Waingereza waliojitoa kwenda walikuwa wachache; Basel ilikuwa na vijana, wala haikuwa na fedha nyingi. Basi wakapatana, vijana wa Basel wakatumwa na CMS. Ndiyo sababu wamisionari wa kwanza wa Waingereza katika Afrika Mashariki walikuwa Wajerumani, jambo ambalo limewatatiza wanafunzi wangu mara nyingi.

Hapa nafika mahali ambapo waandishi wengi hupita mbio, nami sitaki kupita mbio. Krapf hakuyamaliza masomo yake ya Basel. Baada ya miaka miwili, mwaka wa 1829, aliondoka. Alikuwa amesoma vitabu vya watu wa siri za rohoni, akaingiwa na shaka, si shaka juu ya Mungu, bali juu ya nafsi yake: kama ameitwa kweli au amejiita mwenyewe. Akaona afadhali arudi nyumbani kuliko kutumwa na moyo uliogawanyika. Akarudi Tübingen, akasoma elimu ya dini katika chuo kikuu, akamaliza mwaka wa 1834, akawekwa kuwa msaidizi wa padre katika kijiji cha Wolfenhausen. Huko nako hakukaa sana. Alihubiri juu ya mwisho wa dunia kwa ukali kuliko walivyotaka wakubwa, ikawa neno, akajiuzulu. Tazama, basi: kijana aliyekwisha kupita miaka 24, ameacha chuo cha misheni, ameacha na upadre. Kama angalikuwa katika usharika wetu, tungalisema nini juu yake? Naogopa kwamba tungaliandika jina lake katika daftari ya watu wasiodumu.

Aliyemrudisha alikuwa mmisionari wa Kiswidi jina lake Fjellstedt, aliyekuwa amefanya kazi Smyrna katika nchi ya Waturuki. Huyu alizungumza naye, akamtia moyo ajitoe tena. Basel ikampokea mara ya pili. Nafikiri ni sifa kubwa ya wale wazee kwamba hawakumwuliza mbona aliondoka, au kama walimwuliza, hawakuona kuwa jawabu lake ni sababu ya kumfungia mlango. Kwanza walikusudia aende Smyrna. Lakini mmisionari aliyekuwa akienda Uhabeshi akafa Cairo, na nafasi yake ikawa wazi; basi yule aliyeitazama ramani utotoni akapewa nchi ile ile aliyoitazama. Akaziacha lugha za Smyrna, akajifunza Kigeezi, ambacho ni lugha ya kanisa la Wahabeshi, na Kiamhari. Februari 1837 akaondoka Ulaya. Njiani akakaa Misri akajifunza Kiarabu, si Kiarabu cha vitabu tu, bali cha sokoni.

Habari za Uhabeshi nitazifupisha. Alifukuzwa Tigre mwaka wa 1838. Mwaka wa 1839 akaingia Shoa, katika enzi ya mfalme Sahle Selassie, akakaa huko mpaka mwaka wa 1842. Hapo ndipo alipowaona Waoromo, ambao vitabu vya siku zile viliwaita Wagalla kwa jina ambalo wenyewe hawalipendi, moyo wake ukashikamana nao. Akajifunza lugha yao, akaandika sarufi yake fupi iliyopigwa chapa mwaka wa 1840, akaanza kutafsiri Injili. Aliamini kwamba Waoromo wakipokea Injili, Afrika ya kati yote itafunguka. Msomaji akumbuke neno hilo, maana bila hilo hatuelewi kwa nini alikuja Mombasa. Hakuja kwa ajili ya Waswahili. Alikuja kwa sababu njia ya kaskazini ya kuwaendea Waoromo ilikuwa imefungwa, naye alitafuta mlango wa kusini.

Sasa niseme juu ya Bibi. Katika Shoa Krapf alikata shauri kwamba mmisionari asiye na mke hatafanikiwa katika nchi ile. Akakusudia kumwoa Rosina Dietrich wa Basel. Bibi huyu alikuwa ameposwa kwanza na mmisionari mwingine aliyetumwa Uhabeshi, naye mchumba wake alifariki njiani kabla ya kufika. Mwaka wa 1842 Krapf akaondoka Shoa kwenda kumlaki Misri. Njiani akanyang'anywa vitu vyote na mtawala mmoja wa Wollo, akafika pwani ya Massawa akiwa kama mwombaji. Wakaoana Alexandria mwaka ule ule.

Desturi ya Basel katika mambo ya ndoa yafaa ijulikane. Mwaka wa 1837 walitunga kanuni kwamba kijana hutumwa bila mke. Akisha kukaa katika kazi muda wa kutosha, huomba ruhusa kwa halmashauri, na halmashauri ndiyo iliyokubali au kumkatalia, na mara nyingi ndiyo iliyomtafutia mke. Wanawake wengi walipanda merikebu kwenda kuolewa na mtu ambaye walimjua kwa barua tu. Sisi twaweza kushangaa. Lakini wazee wetu hawakuona ajabu kwamba mke atafutwe na jamaa, tena wangaliuliza: kama jamaa ni misheni, kuna kosa gani misheni ikiposa? Tofauti iko mahali pengine. Kwetu msichana aliyeposwa huketi na somo wake, akafundishwa mambo ya nyumba na ya mume na ya wakwe, asiingie nyumba ya watu kama kipofu. Kijana wa Basel naye alifundishwa miaka mingi. Lakini bibi arusi wa misheni hakuwa na chuo. Alikuwa na Biblia yake, nyimbo za kanisa lake, kazi za mikono alizofundishwa na mama yake, na imani. Katika kitabu kirefu cha mumewe, habari za Rosina kabla ya ndoa ni mistari michache tu.

Na hiyo imani ipimwe kwa mambo, isipimwe kwa maneno. Mwanamke huyu alikuwa amekwisha kupoteza mchumba mmoja kwa ajili ya Uhabeshi. Alijua kwa hakika kile ambacho vijana wa chuoni walikijua kwa kusoma tu, yaani kwamba wanaokwenda hufa. Walipomwita mara ya pili kwa ajili ya nchi ile ile, aliitika. Mimi naona kwamba hilo lilikuwa maandalio yake, na ya kuwa halikuwa dogo kuliko miaka ya Krapf ya Tübingen.

Walitaka kurudi Shoa kwa njia ya Tajura, lakini mfalme alikuwa amewafungia wamisionari mlango. Wakajaribu njia ya Tigre mwaka wa 1843. Huko nyikani, si mbali na Massawa, katika nchi ya Wasaho, Rosina akajifungua kabla ya siku zake. Mtoto alikuwa wa kike. Wakambatiza jina la Eneba, neno la nchi ile lenye maana ya chozi, akafa. Watu wenye ngamia hawakutaka kungoja, na baada ya siku chache mama yule hakuwa na budi kupanda tena mnyama na kuendelea na safari. Tigre nako hawakupata nafasi. Wakarudi pwani, wakavuka mpaka Aden.

Ningependa wasomaji walitafakari jina lile. Wazazi Wakristo wa Ulaya siku zile walikuwa na majina ya kutosha katika Biblia na katika jamaa zao. Hawa wawili walichagua neno la lugha ya wenyeji. Kwetu pia mtoto hupewa jina la jambo lililokuwapo alipozaliwa, kama vile Shida, Matatizo, Sikujua, Tabu; wala hatuoni kwamba ni kukufuru. Nafikiri kwamba mtu akianza kuita msiba wake kwa lugha ya nchi aliyotumwa, amekwisha kuingia nchi ile, hata akifukuzwa kesho.

Kutoka Aden wakasafiri Novemba 1843. Chombo chao cha kwanza kilivuja, pepo zikawapinga, wakawa karibu kuzama, wakaokolewa na chombo kingine wakarudishwa Aden. Wakapanda tena. Tarehe 7 Januari 1844 wakafika Unguja. Balozi wa Uingereza, Kapteni Hamerton, akampeleka Krapf mbele ya Sayyid Said, naye Sultani akampokea kwa heshima, akampa barua ya kuwaamuru maliwali wake wamtendee wema. Hapa Kiarabu cha Cairo kilileta faida yake. Krapf hakusema na Sultani kwa kinywa cha mkalimani.

Mwezi wa Mei wakahamia Mombasa. Tarehe 8 Juni Krapf akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muedin, mtu wa asili ya Barawa. Fikirini jambo hilo: mwezi mmoja tu tangu kuhamia, mgeni ameketi na kadhi wa Kiislamu, na kwa Kiarabu wanatafuta maneno ya Kiswahili ya kuumbwa kwa mbingu na nchi. Mtu huyu aliandaliwa kwa ajili ya Waoromo. Sarufi yake, tafsiri zake, sala zake za miaka mitano, zote zilielekea kwao. Na sasa yote yaliyokuwamo katika mfuko wake yalimfaa kwa kazi nyingine ambayo hakuiombea. Sikio lililozoea Kigeezi, Kiamhari na Kioromo lilishika Kiswahili upesi. Wala Waoromo hakupata kuwafikia kwa njia ya Mombasa kama alivyotaka.

Mwezi wa Julai homa ikawashika wote wawili. Tarehe 6 Rosina akajifungua mtoto wa pili, naye pia wa kike. Homa ikazidi. Mumewe alikuwa kitandani kando yake, hajiwezi. Katika siku zile za mwisho bibi aliwaombea jamaa zake, na misheni, na nchi hii ya Afrika Mashariki, na Sultani mwenyewe. Akawasemesha waliokuwa wakimwuguza juu ya Mwokozi wake. Akamwagiza mumewe asipoteze siku zake kwa kumlilia, bali afanye kazi maadamu ni mchana. Tarehe 13 Julai 1844 akafariki. Krapf alikuwa dhaifu hata ikamwia vigumu kuinuka na kuhakikisha kwa macho yake kwamba amekufa. Mtoto hakukawia kumfuata mamaye.

Rosina alikuwa ametaka asizikwe kisiwani, bali ng'ambo, barani, kando ya njia waliyopita watu wa nyika wakishuka mjini kuuza na kununua, ili kaburi liwakumbushe waliokuja kwa ajili yao. Akazikwa huko. Mpaka leo mahali pale pajulikana, upande wa Nyali. Krapf alipowaandikia wakubwa wake habari za msiba hakuwaomba wamrudishe. Aliwaambia kwamba sasa wana kaburi moja katika pwani ya Afrika, na hiyo ni ishara kwamba vita vimeanza na ya kuwa saa ya kuitwa bara lote imekaribia. Maneno yale yamenukuliwa mara nyingi sana katika mikutano ya misheni. Mimi nimeyasikia yakisomwa kwa sauti kuu, na watu wakaitika Amina. Lakini nakiri kwamba kila nikiyasikia, hukumbuka kwamba aliyekuwamo kaburini hakuyaandika yeye.

Je, Krapf alikosa kumchukua mke mwenye mimba mpaka Mombasa? Nimewasikia walimu wakijadiliana, wengine wakimhukumu. Nami nasema, tusiwahukumu watu kwa elimu ambayo haikuwako. Wao walidhani homa hutoka katika hewa mbaya ya mabwawa. Siri ya mbu ilianza kufunuliwa na Ronald Ross mwaka wa 1897, miaka 53 baada ya Rosina. Hapakuwa na chuo duniani kilichoweza kuwaandaa kwa jambo lile. Ila liko jambo ambalo chuo kingaliweza, nacho hakikufanya, yaani kumfundisha bibi. Hata mwanamume hakufundishwa mambo ya homa, ni kweli, lakini alifundishwa lugha, na lugha ndiyo humpa mgeni jirani. Na mgonjwa katika nchi ya ugeni hana dawa kubwa kuliko jirani.

Nina sababu ya kusema hivi. Nilipokuwa kijana nilitumwa kufundisha mbali, katika nchi ya watu wa lugha nyingine. Mimi nilipewa mafunzo ya majuma sita, nikapewa vitabu, nikaombewa mbele ya usharika. Mke wangu aliambiwa afunge mizigo. Hapana aliyemwuliza kama ajua neno moja la lugha ya huko. Kumbe mimi nilikaa darasani na vijana waliojua Kiswahili, na yeye ndiye aliyekwenda kisimani na sokoni na kwa mkunga. Mwaka wa kwanza alikuwa kama bubu. Alijifunza kwa watoto wa jirani, waliomcheka, naye akacheka pamoja nao. Na mwaka wa pili wazee wa mahali pale walikuwa wakija kwangu kwa mambo ya shule, lakini kwa mambo ya maana walikwenda kwake. Basi siandiki haya kwa uchungu. Naandika kwa sababu naona jambo lile lile lingali likitendeka, fomu ya mume ina kurasa sita na ya mke ina mahali pa sahihi.

Baada ya Rosina wakaja wengine. Johannes Rebmann, mtoto wa Gerlingen katika Württemberg, aliandaliwa Basel, kisha akapelekwa Uingereza katika chuo cha CMS cha Islington. Akafika Mombasa Juni 1846, na tarehe 25 Agosti mwaka ule yeye na Krapf wakahamia Rabai kwa idhini ya wazee wa kaya, hali wote wawili wana homa, wakisaidiana kwa punda mmoja. Mwaka wa 1849 wakaja Erhardt na Wagner. Wagner akafa baada ya majuma machache. Mwaka wa 1851 Krapf alirudi kutoka Ulaya na wengine watano, miongoni mwao mafundi watatu, maana alikuwa na shauri kubwa la kuweka mfululizo wa vituo kuvuka Afrika. Pfefferle akafa upesi, mwenzake akarudi, mafundi wakaugua. Mwaka wa 1853 Krapf mwenyewe, afya yake imeharibika, akarudi Ulaya. Hakuna aliyeweza kusema kwamba watu hawa hawakuandaliwa. Wala hakuna aliyeweza kusema kwamba maandalio yao yalitosha.

Aliyebaki ni Rebmann. Yeye alioa mwaka wa 1851 huko Misri, akamwoa mjane Mwingereza jina lake Emma. Bibi huyu hakuwa msichana aliyetolewa nyumbani kwao moja kwa moja. Alikuwa mtu mzima aliyekwisha kukaa katika nchi ya Waarabu na kuizoea. Tazama tofauti: Rosina aliishi katika nchi hii miezi sita, Emma aliishi yapata miaka 15. Sitaki kusema kwamba mmoja alikuwa na imani kuliko mwenzake. Homa haichagui hivyo. Lakini sioni kuwa ni bahati tupu kwamba yule aliyekwisha kuzoea jua, na maji ya mtungi, na kuishi na majirani wasio wa kwao, ndiye aliyeweza kukaa. Mtoto wao aliishi siku chache tu. Emma alifariki Rabai mwaka wa 1866, na mumewe akakaa peke yake, akiandika maneno: ya Kiswahili, ya Kinyika, na ya lugha ya Nyasa, aliyofundishwa na mtumwa mmoja aliyeitwa Salimini. Maneno yake ya Kiswahili yaliingia katika kamusi ya Krapf, ambayo mwenyewe Krapf hakuiona imetoka, kwa kuwa alifariki Korntal mwezi wa Novemba 1881, amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Rebmann macho yake yalipofuka. Mwaka wa 1875, baada ya miaka 29 bila kuiona tena Ulaya, alikubali kurudi. Lakini kipofu hawezi kusafiri peke yake. Aliyemshika mkono kutoka Rabai mpaka merikebuni, na kutoka merikebuni mpaka Ujerumani, alikuwa Mkristo wa Rabai, Isaac Nyondo, mwana wa Abe Ngoa aliyekuwa miongoni mwa waamini wa kwanza. Huyu hakupita Basel wala Islington, wala hapakuwa na halmashauri iliyomtungia kanuni za kukaa ughaibuni. Alivuka bahari, akaishika baridi ya Württemberg, akamfikisha mzee kwao. Mzee akafariki Korntal mwaka wa 1876, na Nyondo akarudi Rabai.